Kikombe cha Ulaya, Nakshi ya Japani: Mazungumzo kwa Nchi ya Chai

Mazungumzo ya leo yanahusu ukusanyaji wa vyombo vya kale vya kauri vilivyotengenezwa Ulaya na kupambwa kwa mtindo wa Japani, nayo yamekusudiwa hasa kwa wasikilizaji wa Kaplong, Sotik, Litein na Kericho, yaani kwa watu ambao riziki yao hutoka katika jani ambalo vyombo vingi vya namna hiyo viliundwa ili kuliandaa mezani. Kauri ni udongo mweupe uliochanganywa na mawe yaliyosagwa, ukafinyangwa, kisha ukachomwa katika joko kwa moto mkali mno hadi ukawa mgumu, usiopitisha maji, na mwembamba kiasi cha kupenywa na mwanga. Hoja itakayotetewa hapa ni moja: kwamba thamani ya kukusanya vyombo hivi imo katika kuisoma historia iliyoandikwa juu yake, wala si katika bei yake ya mnadani, na kwamba Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hiyo, sehemu ambayo haijatunzwa ipasavyo.

Chanzo cha mtindo huo ni Arita, mji ulio katika kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani, ambako mwanzoni mwa karne ya 17 mafundi wenye asili ya Korea walipata udongo unaofaa na kuanzisha utengenezaji wa kauri katika nchi hiyo. Wakati huo soko la dunia lilishikwa na Uchina, hasa majoko ya Jingdezhen, lakini utawala wa Ming ulipoanguka mwaka wa 1644 na vita kuivuruga nchi, Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyokuwa na kituo cha biashara Nagasaki, iliigeukia Arita, na mwaka wa 1659 ikaagiza makumi ya maelfu ya vyombo. Shehena za Arita zilishushwa hadi bandari ya karibu iitwayo Imari kabla ya kuanza safari ya mbali, na ndiyo maana wanunuzi wa Ulaya walizoea kuviita vyombo hivyo kwa jina la bandari hiyo.

Mitindo miwili ya Arita ndiyo iliyoigwa zaidi, na mkusanyaji hana budi kuitofautisha. Wa kwanza ni Imari wenyewe, unaotambulika kwa buluu iliyokoza, nyekundu inayofanana na kutu, na dhahabu, rangi ambazo huujaza karibu uso wote wa chombo kwa maua makubwa, matawi na vigawanyo kama vya feni iliyofunuliwa. Buluu yake hutokana na madini ya kobalti na hupakwa kabla ya chombo kuvikwa utando wa kioo, yaani ule mng'ao unaoyeyukia juu ya udongo ndani ya joko, ilhali nyekundu na dhahabu hupakwa juu ya utando huo baada ya mchomo mkuu, kisha chombo hurudishwa motoni kwa joto la chini, kwa kuwa rangi hizo haziwezi kustahimili moto mkali. Wa pili ni Kakiemon, mtindo uliopewa jina la ukoo wa mafundi, ambao huacha sehemu kubwa ya chombo ikiwa tupu na nyeupe kama maziwa, na kuweka upande mmoja tu tawi la msonobari, mianzi, maua ya mplamu au ndege wawili wa jamii ya kware, kwa rangi angavu zilizochorwa kwa mkono mwepesi.

Ulaya ilivipenda vyombo hivyo lakini haikujua namna ya kuvitengeneza, na katika kutafuta siri hiyo mtawala wa Saksonia, August aliyeitwa Mwenye Nguvu, alitumia mali nyingi kuliko wafalme wenzake. Mwaka wa 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari 600 wa farasi na kupokea kwake vyombo 151 vya Kichina, na hadi anafariki mwaka wa 1733 mkusanyo wake wa kauri za Asia ulikuwa umezidi vipande 20,000, ambavyo baadhi yake vinaonyeshwa hadi leo mjini Dresden. Mtawala huyo ndiye aliyemweka kizuizini kijana Johann Friedrich Böttger, aliyedai kuwa anaweza kugeuza madini duni kuwa dhahabu, akamlazimisha kufanya kazi pamoja na mwanachuoni Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, na juhudi zao ndizo zilizozaa kauri ngumu ya kwanza ya Ulaya na kiwanda cha Meissen, kilichofunguliwa mwaka wa 1710. Johann Gregorius Höroldt alipofika Meissen mwaka wa 1720 na kutengeneza rangi nyingi zinazostahimili joko, kiwanda kilipata uwezo wa kuiga Kakiemon na Imari kwa ustadi ambao hata mtaalamu wa leo hulazimika kuukagua kwa makini.

Ustadi huo ulizaa udanganyifu karibu mara moja, na tukio linalofuata lafaa kukumbukwa na kila anayetaka kununua. Mfanyabiashara wa Paris aitwaye Rodolphe Lemaire, kwa msaada wa Count Hoym, waziri wa Saksonia, aliagiza Meissen nakala za vyombo vya Kakiemon vilivyomo katika hazina ya August, akataka alama ya kiwanda, yaani panga mbili za buluu zilizopishana, isiwekwe chini ya utando wa kioo kama ilivyokuwa kawaida, bali juu yake, mahali ambapo ingeweza kukwanguliwa. Vyombo hivyo viliuzwa Paris kama kauri ya Japani yenyewe, ambayo bei yake ilikuwa kubwa zaidi, hadi mwaka wa 1731 njama ilipogunduliwa, Hoym akaanguka kutoka cheo chake na sehemu kubwa ya mali hiyo ikachukuliwa na August. Funzo lake ni kwamba alama iliyo chini ya kikombe ni ushahidi mmoja tu kati ya mingi, na kwamba aliyejifunza alama peke yake ndiye rahisi zaidi kudanganywa.

Kutoka Meissen uigaji ulienea. Kiwanda cha Chantilly nchini Ufaransa, kilichoanza katika miaka ya 1730 chini ya ulinzi wa mwanamfalme wa ukoo wa Condé aliyekuwa mkusanyaji wa kauri za Japani, kilijijengea jina kwa mtindo wa Kakiemon, na nchini Uingereza viwanda vya Chelsea, Bow na Worcester vilifuata njia hiyo katikati ya karne ya 18. Viwanda hivyo havikuwa na udongo wa Meissen, bali vilitumia kauri laini, yaani mchanganyiko wa udongo na vitu kama kioo kilichosagwa, unaochomwa kwa joto la chini na wenye uso ulio laini zaidi machoni na mkononi. Wachina nao, amani iliporejea Jingdezhen, walianza kuiga Imari ili kulirudisha soko lao, na hivyo Japani iliyokuwa imejifunza kutoka Korea na Uchina ikaigwa na Uchina na Ulaya kwa pamoja. Msomi mwadilifu hawezi kuutazama mnyororo huo akadai kwamba uzuri ni mali ya taifa moja. Kila mkono ulipokea, ukabadilisha, ukapitisha mbele.

Mwanzoni mwa karne ya 19 kitovu cha mtindo huu kilihamia Uingereza, na sababu yake kubwa ilikuwa chai. Kinywaji hicho kilikuwa kimeingia katika nyumba za watu wa kila tabaka, nacho kilihitaji buli, vikombe, visahani, chombo cha sukari na cha maziwa, vyote vya nakshi moja. Josiah Spode alikuwa amekamilisha kauri ya mifupa katika miaka ya 1790, yaani kauri ambayo udongo wake huchanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, nyeupe sana na imara kuliko unene wake unavyoonyesha, na kauri hiyo ilifaa sana kwa rangi nzito za Imari. Kiwanda cha Derby, chini ya Robert Bloor aliyekichukua mwaka wa 1811, kilitengeneza mitindo ya Kijapani kwa wingi, na kampuni iliyorithi jina hilo, Royal Crown Derby, bado inajulikana kwa nakshi ya Imari yenye namba 1128. Kwa wasio na fedha nyingi, Charles James Mason alisajili mwaka wa 1813 hataza ya vyombo alivyoviita vya jiwe la chuma, ambavyo si kauri halisi kwa kuwa mwanga hauvipenyi, lakini ni vigumu, vizito na vimepambwa kwa rangi zilezile za Japani.

Hapa ndipo habari hii inapofika nyanda za juu za Kenya. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kizungu walipewa mashamba Sotik, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianzisha mashamba makubwa ya chai Kericho, katika ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wakiishi na kulisha mifugo yao. Mkulima mdogo alipata nafasi pana katika zao hilo baada ya uhuru, hasa tangu kuundwa kwa mamlaka ya ustawi wa chai ya wakulima wadogo, KTDA, mwaka wa 1964, na leo magari ya majani mabichi hupita Kaplong, penye njia panda ya barabara ya Kericho na Kisii na ile iendayo Bomet, yakielekea viwandani. Kwa miaka mingi aliyelichuma jani hakuwa yeye aliyeketi mbele ya kikombe kilichopambwa, na historia ya chai iliandikwa zaidi kwa jicho la yule aliyekishika kikombe. Kukijua chombo hicho kilikotoka, nani alikiiga kutoka kwa nani, na kwa nini kilihitajika, ni njia mojawapo ya mkulima kuidai nafasi yake katika simulizi ambayo haingekuwapo bila mikono kama yake.

Aidha, kukusanya kauri si desturi iliyoletwa Afrika Mashariki na walowezi. Karne nyingi kabla ya reli, Waswahili walikuwa wakinunua vyombo vya sini, yaani kauri za Uchina, na kuvipandikiza katika majengo ya heshima: kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini ya Malindi, lilipambwa kwa mabakuli ya enzi ya Ming, na makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, bado yana alama za sahani zilizokazwa kwenye chokaa. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa ukiwa na safu za zidaka, yaani vishubaka vya plasta vilivyochongwa kwa ustadi, ambamo vyombo vya thamani vilipangwa ili kuonyesha cheo na usafi wa wenyeji. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyotoweka, alivitaja vishubaka hivyo vya sahani vikiwa vimegeuka kuwa viota vya ndege, jambo linalodhihirisha kwamba msomaji wake alielewa bila kufafanuliwa kuwa kauri ilikuwa kipimo cha ustawi wa mji.

Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya vililitambua soko hilo na kuliingia. Kiwanda kilichoanzishwa na Petrus Regout mjini Maastricht, Uholanzi, pamoja na washindani wake wa mji huohuo na wa Uingereza, viliuza Zanzibar na pwani yote mabakuli na sahani za udongo mweupe, nyingine zikiwa na picha za bustani na watu wa Asia zilizohamishwa kutoka kwenye karatasi, nyingine zikiwa na maua yaliyogongwa kwa sponji iliyokatwa umbo. Wanaakiolojia waliochunguza mashamba ya zamani ya karafuu ya Unguja na Pemba wamekuta vigae vya vyombo vya Ulaya vya aina hiyo. Kwa hiyo anayetafuta mfano ulio karibu zaidi wa chombo cha Ulaya kilichovaa mavazi ya Asia hana haja ya kusafiri hadi Dresden. Anaweza kuanzia katika makumbusho ya Lamu au katika Fort Jesus, Mombasa, ambako pia zimehifadhiwa kauri zilizopatikana katika ardhi ya pwani na katika meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mwaka wa 1697 mbele ya ngome hiyo na kuchimbuliwa na wapiga mbizi kati ya mwaka wa 1977 na 1980.

Ni vipi basi chombo cha Ulaya kinavyotofautishwa na cha Japani? Kazi huanzia mkononi kabla ya kufika machoni, kwani kama vile mama wa Kipsigis anavyotambua kibuyu cha mursik kilichotunzwa vyema kwa uzito na harufu yake kabla ya kukifungua, ndivyo mkusanyaji mzoefu anavyotambua udongo kwa kuushika. Sahani kubwa ya kale ya Arita mara nyingi huwa na makovu madogo upande wa chini, mahali iliposhikiliwa na vijiti vya udongo ili isibonyee jokoni, na weupe wake huelekea rangi ya kijivu au buluu hafifu. Chombo cha kauri ya mifupa kutoka Derby ni cheupe zaidi, na kikiinuliwa mbele ya taa hupenyeza mwanga wenye joto, ilhali cha Mason huzuia mwanga kabisa. Mchoro nao husema, kwa sababu fundi wa Ulaya aliyenakili ua asilolijua alilinyoosha na kulipanga kwa ulinganifu, akapoteza ule wepesi wa mkono wa Kijapani unaoacha upande mmoja ukiwa mzito na mwingine mtupu.

Baada ya udongo na mchoro ndipo alama zinapofaa kusomwa. Taji, fimbo mbili zilizopishana zenye nukta, na herufi D ni alama ya Derby, na mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kawaida ilichorwa kwa rangi nyekundu. Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka wa 1891 ilidai bidhaa ziandikwe jina la nchi zilikotoka, hivyo chombo chenye neno England kwa kawaida ni cha wakati huo au baada yake, na chenye maneno Made in England kwa kawaida ni cha karne ya 20. Katika jiji la Paris, kampuni ya Samson, iliyoanzishwa mwaka wa 1845, ilitengeneza nakala za Imari, Meissen na Chelsea kwa ubora ulioziingiza katika mikusanyo ya heshima, na nakala hizo sasa zimekuwa zenyewe vyombo vya kale. Anayenunua anapaswa pia kukigonga chombo polepole kwa ukucha, kwa kuwa kizima hulia kwa mlio mrefu ilhali chenye ufa hutoa sauti iliyokatika, na kukipitisha mbele ya tochi, kwa kuwa sehemu iliyounganishwa kwa gundi na kupakwa rangi upya huonekana kama kivuli.

Utunzaji una kanuni chache zisizopuuzika. Dhahabu na rangi zilizopakwa juu ya utando wa kioo hukwanguka kirahisi, hivyo kusugua kwa majivu, mchanga au waya wa kusugulia sufuria huweza kufuta kwa siku moja kazi iliyodumu miaka 200. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini hutosha. Rangi nyingi za kale zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kwa hiyo chombo cha kale kilichopambwa hivyo hakifai kuwekewa chakula wala chai kila siku. Jambo la tatu ni la kisheria: Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka wa 2006 huhesabu kuwa malikale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, ambacho kilitengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895, na huzuia kukitoa nje ya nchi bila kibali. Bakuli la Ulaya lililofika Lamu au Mombasa katika karne ya 19 linaweza kuwa chini ya ulinzi huo ingawa halikufinyangwa hapa, na kigae kilichomo ardhini katika mahame ya pwani kinapaswa kuachwa mahali pake ili wataalamu wakisome, kwa maana kikishang'olewa hupoteza habari ya mahali na wakati wake.

Haitakuwa haki kumshauri mkulima au mwalimu wa Kaplong ashindane katika minada ya London, wala hilo silo kusudi la mazungumzo haya. Kusudi lake ni kumwomba aangalie upya kile ambacho pengine kimo kabatini mwa nyumba ya zamani, katika stoo ya misheni au ya shule, au mikononi mwa mzee aliyewahi kufanya kazi jikoni kwa mlowezi, na kabla ya kukitupa au kukiuza kwa mpita njia, akipige picha, aandike kilitoka kwa nani, kilitumiwa lini na na nani, na alama gani iko chini yake, kisha awaulize wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Walimu wa historia wanaweza kuifanya kazi hiyo kuwa ya wanafunzi, kwa daftari moja tu la kumbukumbu katika kila shule, na wazee walioandaa meza za chai katika mashamba ya Sotik na Kericho wakahojiwa wangali hai, kwa kuwa kikombe kisicho na maelezo ya mwenyewe hubaki kuwa pambo, na chenye maelezo huwa hati ya historia. Msikilizaji aliye na chombo cha namna hiyo nyumbani anaombwa aanze kuandika habari zake wiki hii.